Siki Kwanza, Soya Baadaye

Ukikaa kwenye mgahawa wa gyoza kule Japani, mara nyingi hutaletewa mchuzi wa kuchovyea. Mezani kuna chupa tatu: ya soya sosi, ya siki, na kichupa kidogo cha mafuta mekundu ya pilipili. Pembeni kuna visahani vinavyoenea kwenye kiganja. Gyoza zikifika, tano au sita zimeshikana kama kichane cha ndizi, upande uliokaangwa ukitazama juu, kila mlaji anajimiminia kwa kadiri yake, anakoroga kwa ncha za vijiti, anaonja, anaongeza tone. Aliye upande wa pili wa meza anachanganya kwa namna nyingine kabisa, na hakuna anayemwambia mwenzake kakosea.

Naanza na meza hiyo kwa sababu swali ninaloulizwa kila mara ni la kipimo. Vijiko vingapi vya hiki, vingapi vya kile? Kipimo nitakitoa, tena kwa vijiko vya nyumbani. Lakini mwenye kipimo asiyejua kila chupa imekuja mezani kufanya nini ataharibu siku atakapokuta siki kali kuliko aliyoizoea, au soya nzito kama molasi.

Mimi niliharibu. Mara yangu ya kwanza kupika gyoza nyumbani niliwaalika watu wanane. Nilikunja tangu saa nane mchana hadi mgongo ukaniuma, kisha mchuzi nikauchanganya dakika ya mwisho: siki nyeupe iliyokuwa kabatini na soya nyeusi ninayotumia kutia rangi wali wa kukaanga, nusu kwa nusu, kama nilivyoelekezwa. Ukatoka mweusi kama oili chafu ya gari, na harufu yake ilipanda puani kabla hujauonja. Wageni wangu ni watu wa adabu. Walichovya mara moja, wakasifu, halafu zilizobaki wakazila kavu.

Kipimo cha nusu kwa nusu hakikuwa na kosa, maana nyumba nyingi za Japani hukitumia hichohicho. Chupa zangu ndizo hazikuwa zenyewe.

Kwa asiyezijua, gyoza ni vifuko vidogo vya unga wa ngano. Ngozi yake ya duara hujazwa nyama ya kusaga, kabichi iliyokatwakatwa, tangawizi, kitunguu saumu na majani ya nira, ambayo hunukia katikati ya kitunguu na saumu. Hukunjwa nusu duara, ukingo ukafinywa mikunjo. Zilizo maarufu zaidi ni za kukaanga: zinapangwa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, zikishashika rangi chini yanamwagwa maji, kikaango kinafunikwa, mvuke unaivisha juu, na maji yakikauka chini panabaki pakavu panapovunjika kwa mlio. Nyama ya kawaida Japani ni ya nguruwe. Asiyekula atumie kuku au kamba, na mchuzi utafaa vilevile.

Sasa angalia kilichomo ndani ya kifuko hicho. Chumvi imo, mara nyingi pamoja na soya yenyewe. Mafuta yamo, ya nyama na ya kikaango. Saumu na tangawizi zimo. Kinachokosekana ni ukali, ule unaouamsha ulimi uliolemewa na mafuta ukaweza kuonja gyoza ya sita kama ulivyoonja ya kwanza. Mla sambusa analijua hili bila kufundishwa, ndiyo maana kipande cha ndimu hakikosekani kwenye sahani. Kwa hiyo mchuzi huu kwangu ni wa siki uliokolezwa soya, na wengi wetu tunaukosea kwa kuupindua: tunamimina soya hadi nusu bakuli, halafu siki tunaidondoshea kana kwamba ni dawa.

Tuanze basi na siki.

Siki ya Kijapani hutokana na mchele, na ukali wake ni mpole: asidi yake ni kama asilimia 4.2 hadi 4.5, na ndani yake kuna utamu wa mbali wa nafaka. Siki nyeupe ya madukani kwetu kwa kawaida huanzia asilimia 5, na haina huo utamu wa kuipoza. Nyingine hata haikuchachushwa. Ni asidi ya asetiki iliyozimuliwa kwa maji, na lebo ikisomwa vizuri husema hivyo. Kwa kufungia achari haina neno. Kwa kuchovyea itakukwaruza koo.

Dawa yake ni rahisi. Chukua vijiko vinne vya chakula vya siki nyeupe, kimoja cha maji, na nusu kijiko cha chai cha sukari, koroga hadi sukari iyeyuke. Si siki ya mchele, ila imekaribia kiasi cha mgeni kutotambua. Siki ya tofaa ni bora zaidi, nayo pia izimue hivyohivyo, sukari punguza. Ukipata ya mchele yenyewe, hakikisha si ile iliyokwisha kutiwa sukari na chumvi kwa ajili ya wali wa sushi. Chupa zake hufanana mno, na nimeshaona watu wazima wakiichukua kwa pupa kisha wakashangaa kwa nini mchuzi umekuwa sharubati.

Siki nyeusi ya Kichina, ile ya Zhenjiang, ukiiona iko rafuni usiipite. Gyoza asili yake ni jiaozi za Wachina, na huko siki nyeusi ndiyo mwenzi wake wa tangu zamani. Ladha itakuwa ya Beijing zaidi kuliko Tokyo, na si hasara.

Ndimu je? Inafaa, lakini jua umehama nyumba. Soya iliyochanganywa na maji ya matunda ya jamii ya ndimu Wajapani huiita ponzu, nao hutumia yuzu, sudachi au kabosu. Ndimu zetu zina harufu inayotawala kila kitu. Mimi huchanganya kijiko kimoja cha ndimu na viwili vya siki iliyozimuliwa, na huo mchanganyiko huupenda zaidi kwa gyoza za kamba. Kwa nyama, siki tupu.

Kwenye soya ndiko fedha za watu hupotelea, na hapa nitakaa kidogo.

Soya sosi ya Kijapani iliyozoeleka, wenyewe wanaiita koikuchi, ndiyo zaidi ya asilimia 80 ya soya yote inayotengenezwa nchini humo. Hupikwa kwa soya, ngano, chumvi na maji, ikaachiwa kuvu ya koji na vijidudu vingine kuichachusha kwa miezi sita au zaidi. Ngano huipa harufu na utamu kidogo. Soya yenyewe, protini zake zikishavunjwa, hutoa ile ladha nzito ya supu ya mifupa ambayo mkemia Ikeda Kikunae aliipa jina la umami mwaka 1908. Ukigeuza chupa nyuma na kukuta vitu hivyo vinne tu, au hivyo pamoja na pombe kidogo ya kuhifadhia, umepata.

Ukikuta maneno ya protini ya mboga iliyovunjwa kwa asidi, sukari iliyounguzwa kwa ajili ya rangi, na sharubati ya mahindi, hiyo imetengenezwa kiwandani kwa siku chache. Ni nafuu, na kwenye mchuzi wa nyama ulioungwa kwa nyanya na vitunguu hutaitambua. Kwenye kisahani cha kuchovyea, penye siki na soya tu, haina pa kujificha. Mimi husema hivi: ya bei nafuu iende chunguni, nzuri ije mezani. Gyoza thelathini hazimalizi hata nusu kikombe.

Kisha kuna ndugu wanaofanana majina. Soya nyeusi ya Kichina, ile nzito, ni ya kutia rangi, ndiyo iliyoniumbua. Ya Kiindonesia inayoitwa kecap manis ni tamu kama asali, nzuri kwa mishkaki, si kwa hapa. Na kuna mtego mmoja kutoka Japani kwenyewe: usukuchi, soya yenye rangi hafifu. Mtu huiona nyepesi akadhani chumvi ni pungufu. Ni kinyume. Koikuchi ina chumvi kama asilimia 16, usukuchi hufika 18 au 19.

Hizo asilimia zina maana kwa mwenye presha. Kijiko kimoja cha chakula cha koikuchi kina gramu 2.6 hivi za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Kijiko kimoja, nusu ya siku. Ndiyo sababu nyingine ya kuitanguliza siki. Zipo soya zilizopunguzwa chumvi, karibu nusu ya kawaida, na ukiwa nayo unaweza kuongeza mkono bila hofu sana.

Wasiokula ngano kwa amri ya daktari watafute tamari, soya ya Kijapani ambayo ngano yake ni kidogo au haipo kabisa, ila lebo isomwe, maana si zote. Na kwa Waislamu wanaoniuliza kuhusu pombe: soya inayochachushwa kwa njia ya asili huwa na pombe inayojizalisha yenyewe, karibu asilimia 2, na viwanda vingine huongeza kidogo isiote ukungu. Hukumu yake si yangu, waulizeni masheikh wenu. Ninachoweza kusema ni kwamba chupa zenye alama ya halali zipo, kutoka Malaysia, Singapore na hata Japani, na kwamba mchuzi huu hauhitaji mirin, ile divai tamu ya mchele inayotajwa kwenye mapishi mengi. Mirin ina pombe kama asilimia 14. Chembe za sukari zinatosha mahali pake.

Sasa mafuta ya pilipili. Kwa Kijapani ni rayu, na ukiniuliza ni kitu gani kimoja katika mchuzi huu cha kutengeneza kwa mkono wako hata kama vingine vyote umenunua, nitakujibu ni hiki. Cha dukani huja kwenye kichupa cha kuwekea marashi kwa bei ya kuku. Cha nyumbani ni dakika ishirini.

Msingi wake ni ufuta. Hapa nina la kusema kwa majivuno kidogo: Japani hailimi ufuta wa kuitosha, karibu wote huagizwa kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazowauzia. Huo ufuta wa Lindi, Mtwara na Ruvuma unaouzwa kwenye minada ya stakabadhi ghalani, sehemu yake huvuka bahari, ukakaangwa na kukamuliwa huko, ukarudi kwetu kwenye kichupa chenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Ukiwa na kilo ya ufuta nyumbani, au simsim kama wasemavyo Kenya na Uganda, huna sababu ya kununua kichupa.

Tofauti ya kuizingatia ni moja. Mafuta ya ufuta ya Kijapani hukamuliwa kutoka mbegu zilizokaangwa kwanza, ndipo yakawa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya karanga. Mengi yanayokamuliwa kwetu hutoka mbegu mbichi; ni meupe, yana afya yake, ila harufu hiyo hayana. Ukiwa nayo hayo, au una ya alizeti tu, harufu utaitafuta kwenye mbegu.

Weka vijiko vitatu vya chakula vya ufuta uliopembuliwa mchanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukitikisa bila kukoma. Usiende kupokea simu. Zikianza kurukaruka na kunukia, rangi ikigeuka ya chapati iliyoiva, epua upesi umimine kwenye sahani baridi, kwa maana kikaango chenyewe kitaendelea kuziunguza. Zitwange nusu tu kwenye kinu kidogo, zisiwe unga.

Kwenye bakuli la chuma au la udongo linalohimili moto, lenye kina, changanya kijiko kimoja cha chakula cha pilipili kavu iliyopondwa na kijiko cha chai cha maji. Maji hayo ni siri ya jikoni za Japani, nayo haina ushirikina: pilipili iliyolowa haiungui haraka mafuta ya moto yakiifikia, hivyo inatoa rangi nyekundu badala ya uchungu. Pilipili yoyote kavu inafaa. Ya kichaa ipunguze hadi nusu kijiko, ujazie kwa paprika au pilipili isiyowasha sana, maana tunatafuta rangi na harufu pamoja na mwasho.

Sasa robo kikombe cha mafuta ya alizeti kwenye sufuria ndogo. Tumbukiza vipande vitatu vya tangawizi, punje mbili za saumu zilizopasuliwa, na shina jeupe la kitunguu cha majani. Viwe vikavu, usije ukarushiwa mafuta usoni. Moto mdogo kabisa. Subiri hadi vipate rangi ya dhahabu kingoni, kama dakika nane au kumi, kisha vitoe vyote. Mafuta yameshachukua kilichotakiwa. Yapashe tena kidogo, dondosha chembe ya pilipili: ikichemka kwa viputo bila kuwa nyeusi, ni sawa. Ikiwa nyeusi, epua yapoe, jaribu tena.

Mimina kijiko kimoja kimoja juu ya pilipili. Itafoka kwa sababu ya yale maji, kwa hiyo simama kando na watoto wasiwe miguuni. Kikishatulia cha kwanza, cha pili. Ukimaliza tia ufuta uliotwangwa, na kama una mafuta ya ufuta uliokaangwa, kijiko kimoja mwishoni kabisa, kwa sababu harufu yake huharibiwa na moto mkali. Acha hadi kesho yake. Kinachowasha katika pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, na kuyeyuka huko kunataka muda. Rayu ya leo na ya kesho si mafuta yale yale.

Baada ya yote hayo, kuchanganya ni kazi ya sekunde. Kwa mtu mmoja: kijiko kimoja cha chakula cha siki, vijiko viwili vya chai vya soya, matone manne au matano ya rayu. Kwa watu watano au sita, vijiko sita vya chakula vya siki na vinne vya soya kwenye jagi dogo. Uwiano ni tatu kwa mbili. Aliyezoea nusu kwa nusu aende nusu kwa nusu, ila aanze na wangu, aonje pamoja na gyoza yenyewe. Kuuonja mchuzi peke yake kwa kijiko hukudanganya. Ukiwa kijikoni tu utaona mkali, utaongeza soya, na gyoza ikija utakuwa umekwisha kuuharibu kwa chumvi.

Rayu usiitie kwenye jagi. Mafuta huelea, mgeni wa kwanza atapata yote, wa mwisho atapata siki. Kila mtu atone yake kisahanini, na akoroge kila anapochovya.

Kuna wanaotaka kuongeza. Tangawizi mbichi iliyokwaruzwa, kiasi cha ncha ya kijiko, inafaa sana kwa gyoza za kuchemsha, ambazo ngozi yake ni laini na ladha yake imepoa. Majani ya kitunguu yaliyokatwa nyuzi, sawa. Saumu mbichi mimi siitii. Wachina huitia kwenye siki yao, na huko ina mantiki kwa kuwa jiaozi nyingi hazina saumu ndani. Wajapani waliihamishia kwenye nyama. Ukiweka pande zote mbili hutaonja kingine hadi kesho. Asali, sosi ya nyanya, maji ya nanasi na vingine nilivyoletewa habari zake, sina maoni ya kuchapishika.

Watu wa mji wa Kobe wana mchuzi wao: huchovya kwenye miso, rojo ya soya iliyochachushwa, iliyolegezwa kwa siki, nzito, ya kahawia. Na miji ya gyoza Japani hushindana kama timu za mpira. Utsunomiya, kaskazini mwa Tokyo, ilikuwa makao ya divisheni ya 14 ya jeshi iliyopelekwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Inasimuliwa kwamba waliorudi baada ya vita kuisha mwaka 1945 walirudi na jiaozi kichwani. Mji huo uliwahi kusimamisha mbele ya kituo cha treni sanamu ya gyoza yenye umbo la mwanamke, ya jiwe la Oya, mwaka 1994. Ilipokuwa inahamishwa mwaka 2008 ikaanguka na kuvunjika vipande viwili, wakaiunga. Hamamatsu, wapinzani wao, hupanga gyoza duara na kuweka katikati rundo la chipukizi za choroko zilizochemshwa, nazo huchovywa kwenye mchuzi uleule. Chipukizi hizo ziigeni. Ni rahisi, na kati ya gyoza moja na nyingine hazina mfano.

Lakini kama nikiruhusiwa kuacha mchuzi wote na kubaki na kimoja, ningebaki na siki na pilipili manga. Bila soya. Mtindo huu ulivumishwa na mgahawa mmoja wa Akasaka, Tokyo, na sasa umeenea: kisahani cha siki, juu yake pilipili manga iliyosagwa papo hapo, nyingi, hadi uso wa siki ufunikwe. Mara ya kwanza nilidhani ni ujinga. Kisha nikatwanga pilipili manga ya Zanzibar, ya punje, iliyokuwa imekaa kwenye kopo la viungo vya pilau, nikamwagia siki iliyozimuliwa, nikachovya. Nyama ilisikika nyama. Chumvi iliyoongezwa ni sifuri, na mwenye presha anakula pamoja na wenzake bila kuwekewa bakuli la peke yake kama mgonjwa. Sharti moja: punje zitwangwe muda huo huo. Ya unga iliyokaa kwenye pakiti tangu Idi iliyopita itakupa vumbi linaloelea.

Kuhusu kuchovya kwenyewe nina ombi dogo. Ule upande uliokauka kikaangoni umeugharamia muda na roho, usiuzamishe. Shika gyoza ubavuni, gusisha ngozi laini kwenye mchuzi, uende nayo mdomoni. Anayemimina mchuzi juu ya sahani nzima anakula mkate uliolowa.

Mwisho ni kuhifadhi. Siki na soya vilivyochanganywa vitakaa kwenye friji wiki mbili bila shida, vikiwa kwenye chupa safi ya kioo. Chupa ya soya iliyofunguliwa nayo ikae kwenye friji. Haiozi upesi, ila huchakaa, ikazidi kuwa nyeusi na kupoteza harufu. Rayu ndiyo ya kuangalia kwa makini. Nimesema saumu na tangawizi zitolewe baada ya kukaangwa, na sikusema kwa ajili ya urembo. Saumu iliyozama kwenye mafuta na kuachwa nje ya friji humpa bakteria wa Clostridium botulinum mazingira anayoyataka, pasipo hewa na pasipo asidi, na sumu yake haina harufu wala rangi ya kukuonya. Kichupa kiwe kikavu, kiwe kidogo, kikae kwenye friji, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu. Ukitaka rayu yenye vipande vya saumu ndani, itengeneze ya kumalizwa ndani ya siku tatu.

Mchuzi uliobaki kwenye jagi, ambao haukuguswa na mtu, ukate matango membamba uyamwagie, uyaache nusu saa. Uliobaki kwenye visahani vya wageni, mwaga.